Waridi la jangwani vitaluni: tazama udongo kabla ya ua

Anayenunua waridi la jangwani huvutwa na ua: pinki iliyokolea pembeni, ikififia mpaka nyeupe kooni. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana miche yenye maua hupangwa mbele, kando ya barabara. Ua ndilo la kutazama mwisho. Mmea huu, Adenium obesum, una shina lililojaa akiba ya maji na unaweza kukaa majuma mengi bila kunyeshewa wala kumwagiliwa. Kiu ni nadra kuuua. Unaouawa majumbani huoza, na mara nyingi chanzo cha kuoza kimekuja nao ndani ya kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche. Kwa hiyo tathmini hii haihusu ua. Inahusu bidhaa nzima inayouzwa Ngong Road ya Nairobi, Barabara ya Bagamoyo ya Dar es Salaam na penginepo: mmea, namna ulivyooteshwa, chombo chake, na udongo uliomo.

Kwanza, huu si mmea wa kigeni, ingawa vitalu vingi huuweka pamoja na mapambo yaliyotoka ng'ambo. Unaota porini kuanzia Senegali, ukipita Saheli mpaka Ethiopia na Somalia, ukashuka Kenya na Tanzania, na kuvuka bahari hadi Yemeni na milima ya Dhofar huko Oman. Kenya utauona Baringo, Samburu na Tsavo, umejibana kwenye miamba na changarawe. Aliyeuandika kwanza kwa jina la kisayansi ni mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyeukuta Yemeni na kufia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa 1775. Porini hupukutisha majani kiangazi na kuchanua matawi yakiwa matupu. Mvua ikinyesha pale mwambani, maji hupita kwenye mizizi na kwenda zake. Mmea haukuzoea kukaa ndani ya tope, na hilo ndilo jambo ambalo vitalu vingi havijalitilia maanani.

Kinachouzwa kwa jina moja ni vitu vinne tofauti.

Mche wa mbegu ndio bora kwa mnunuzi wa kawaida. Tumbo la shina huanza kuvimba tangu miezi ya kwanza, mizizi minene husambaa pande zote, na umbo zuri linakuja lenyewe. Maua huanza kati ya mwaka mmoja na miwili, jua likiwepo. Hasara yake ni kwamba hujui rangi kamili mpaka uchanue, kwa sababu mbegu haimrudii mama sawasawa.

Tawi lililokatwa na kuoteshwa huchanua mapema, na rangi yake ni ileile ya mama. Lakini shina lake la chini ni jembamba kama la mmea mwingine wowote, na likija kunenepa huchukua miaka mingi tena bila umbo la kupendeza. Ukiona shina limenyooka, limelingana unene juu hadi chini, halafu lina maua manne kileleni, hilo ni tawi. Halifai kulipiwa bei ya mche wa mbegu.

Uliobebeshwa ni ule wenye maua ya tabaka mbili au tatu, mekundu ya giza, ya manjano, au yenye michirizi. Aina nyingi za namna hii zilizalishwa Thailand na Taiwan. Kikonyo (kitawi kidogo) cha aina hiyo huunganishwa juu ya shina la mche wa kawaida wa mbegu, na bei hupanda mara kadhaa. Mahali pa kutazama ni kwenye kovu la kuungana: liwe limeshikana mzunguko mzima, bila ufa wala weusi, na kikonyo kiwe kimeshatoa majani mapya, si yale tu kilichokuja nayo. Kitu ambacho wauzaji huwa hawakisemi ni kwamba machipukizi yanayotoka chini ya kovu ni ya shina la kawaida. Yasipotolewa kwa kidole yakiwa bado madogo, hunyonya nguvu yote, na baada ya misimu michache unabaki na ua la pinki la kawaida ulilolinunua kwa bei ya ua la manjano. Kasoro nyingine ni uzito. Maua ya tabaka tatu hunywa maji ya mvua yakainama, na mengine huoza kabla hayajafunguka. Kwa Mombasa au Tanga, ua la tabaka moja linavumilia masika vizuri zaidi.

Cha nne ni mmea uliochimbwa porini. Huu hauna haja ya kutathminiwa, usinunue. Dalili zake: tumbo kubwa mno kwa idadi ya matawi, gamba la kijivu lenye mikwaruzo ya mawe, upande mmoja umeungua na mwingine ni mweupe, na mizizi mikuu imekatwa kwa panga ikazikwa kwenye udongo mpya. Mingi hufa miezi kadhaa baada ya kuuzwa, muuzaji akiwa ameshakula pesa. Na mmea wa ukubwa ule porini haurudi upesi, achilia mbali kwamba kung'oa mimea ndani ya hifadhi ni kosa la jinai.

Sasa ukaguzi wenyewe, hapo hapo kitaluni. Bonyeza tumbo la shina kwa kidole gumba, pande zote, hasa pale linapogusana na udongo. Linatakiwa liwe gumu kama kiazi kibichi. Likiwa laini kidogo kila upande na ngozi imekunjamana, mmea una kiu tu. Utajaa tena baada ya kumwagiliwa mara mbili tatu. Likiwa laini upande mmoja, na hapo pana weusi, unyevu au harufu ya kuchacha, huo umeshaoza ndani hata kama juu una maua kumi. Kisha shika shina na ulitikise taratibu. Likicheza kwenye udongo, ama halijaota mizizi ama mizizi imeisha. Tazama na uso wa udongo: ukiwa na utando wa kijani au kuvu, mmea huu umekuwa ukimwagiliwa kila siku pamoja na miche mingine, kwa mpira uleule.

Geuza majani. Vidoti vya manjano juu na utando mwembamba chini ni utitiri mwekundu. Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, na hao hujificha hata kwenye mizizi, kwa hiyo usiuweke karibu na mimea mingine kwa wiki mbili za mwanzo.

Kuhusu bei, lipia upana wa tumbo, si urefu. Wauzaji wengi hupanga bei kwa urefu, na hapo mnunuzi mjanja ananufaika: mche mfupi wenye tumbo la sentimita 6 una thamani kuliko mrefu wa nusu mita wenye tumbo la sentimita 3. Urefu wenye wembamba ni dalili ya kivuli na mbolea ya naitrojeni nyingi, hasa yurea. Ukishanyooka hivyo haurudi kuwa mnene bila kukatwa.

Udongo wa kitaluni ndio tunaoupa alama ya chini kabisa. Karibu kila mahali ni mchanganyiko mmoja kwa mimea yote: udongo mwekundu au mweusi wa mfinyanzi, samadi, na mchanga kiduchu. Kwa migomba na mawaridi ya kawaida unafaa. Kwa mmea huu hushika maji siku saba hadi kumi, na katika baridi zaidi ya hapo. Kuna njia rahisi ya kuupima: mwaga maji juu. Yakituama zaidi ya sekunde kumi, udongo huo utabadilishwa, hakuna majadiliano.

Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu mbili za kitu kigumu chenye chembe za milimita 3 hadi 6, sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi (yasifike kuwa majivu), na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Kitu kigumu kinategemea ulipo. Nairobi na Nakuru pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye matundu) inapatikana, kwa kuwa inachimbwa upande wa Naivasha, na hakuna kinachoishinda. Dar es Salaam tumia kokoto ndogo au vipande vya tofali la kuchoma, ila lazima uchekeche. Vumbi la tofali huziba kila tundu. Mchanga wa mto uwe ule mkubwa wa zege, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na makumbi ya nazi yaliyosagwa pwani mara nyingi yana chumvi pia, kwa hiyo yaloweke na kuyamwaga maji yake mara tatu kabla ya kuyatumia.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ndicho bora kwa anayependa kumwagilia. Kinapumua na kukauka haraka. Upana wake uzidi tumbo la shina kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Chungu kikubwa mno ni kosa la kawaida, kwa sababu udongo usio na mizizi hubaki na maji. Tundu la chini lisipungue upana wa sentimita moja na nusu, na sahani ya chini iondolewe. Vyungu vya saruji vyenye nakshi vinavyouzwa pamoja na mmea vinapendeza, ila vingi havina tundu kabisa au vina tundu la kalamu. Toboa kabla ya kupanda.

Kuhamisha: acha mmea ukae siku tano bila maji ili udongo ukauke. Toa kiriba, tikisa, kisha osha mizizi kwa maji mpaka uone rangi yake. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na migumu. Ya kahawia inayochubuka ngozi ukiivuta imekufa, ikate. Kisu kifutwe kwa spiriti kila baada ya mkato. Kama umekata mizizi minene, laza mmea kivulini penye hewa siku tatu hadi saba, vidonda vikauke vifanye gamba. Panda kwenye mchanganyiko mkavu, ukiinua tumbo sentimita 2 juu kuliko lilivyokuwa. Subiri siku tano hadi saba ndipo umwagilie. Hapa ndipo watu huharibu: wanapanda na kumwagilia siku hiyohiyo, kama wafanyavyo kwa mchicha, na kidonda kibichi kikikutana na maji kuoza huanzia hapo. Sehemu ya mizizi uliyoifunua ni laini, kwa hiyo jua kali la mchana lizuiwe kwa wiki mbili.

Hata usipohamisha, mmea uliokaa chini ya wavu wa kivuli kitaluni usiupeleke moja kwa moja kwenye bati la paa au baraza la magharibi. Ngozi huungua upande mmoja na kovu halifutiki. Uzoeshe kwa siku 10 hadi 14, ukianza na jua la asubuhi. Baadaye unahitaji kupigwa na jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Chini ya hapo majani yatakuwepo, maua hapana. Anayetafuta mmea wa sebuleni achukue kingine.

Maji: mwagilia mpaka yatoke chini, kisha acha. Choma kijiti cha mshikaki mpaka katikati ya chungu. Kikitoka na unyevu, subiri. Kwenye joto la Dar mwezi wa pili, katika mchanganyiko tuliouelezea, inaweza kuwa kila siku ya pili au ya tatu. Ndiyo, mmea huu unakunywa sana ukiwa kwenye joto na una majani, na wanaounyima maji mwaka mzima kwa sababu ya jina lake huishia na shina lililokunjamana na maua machache. Wakati wa masika usogeze chini ya upenu. Nairobi na Arusha, kati ya Juni na Agosti, majani hugeuka manjano na kuanguka, na wengi hudhani ni njaa au kiu. Ni baridi. Punguza maji mpaka mara moja kwa wiki tatu au nne, mbolea isimamishwe, usiku mmea ukae ukutani palipopata jua mchana. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 ncha za matawi huharibika. Kwa Limuru au Njombe hatuupendekezi nje kabisa. Kwa Dodoma, Garissa, Kajiado ya chini na ukanda wa pwani, ni vigumu kupata mmea wa maua unaodai kidogo kuliko huu.

Mbolea haina maneno mengi: NPK 17-17-17, kijiko cha chai kisichojaa kwa chungu cha sentimita 25, kila wiki sita hadi nane wakati wa joto, udongo ukiwa umeshaloweshwa. Usiiweke ikagusana na shina.

Kukata matawi ndiko kunakoleta maua mengi, kwa kuwa ua hutoka kwenye ncha na kila mkato huzaa ncha mbili au tatu. Kata theluthi moja hadi nusu ya tawi, siku kavu, joto likiwa linapanda: Septemba kwa nyanda za juu, pwani baada ya mvua kuisha. Vaa glavu. Utomvu wake una sumu inayogusa moyo, na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale ya kuwindia. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 na uende hospitali. Mtoto au mbwa akitafuna shina, usingoje dalili. Tunashangazwa na vitalu vinavyouza mmea huu kwa shule za chekechea bila hata neno moja la tahadhari.

Ukikuta majani yametafunwa yakabaki vikonyo, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye pembe mkiani na madoa mawili ya buluu kama macho karibu na kichwa. Ni mtoto wa nondo anayependa pia mioliyanda (oleander, kichaka cha maua cha bustanini), na mmoja tu anaweza kumaliza mche mdogo kwa siku chache. Mtoe kwa mkono. Dawa haina haja. Vidung'ata na utitiri hupunguzwa kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja, jioni, na kurudia kila siku ya tano mara tatu. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia, ila jaribu kwenye majani mawili kwanza, kwani yakipigwa jua huunguza.

Shina likianza kulainika, usisubiri wiki. Ng'oa, osha, kata sehemu iliyooza mpaka ubaki na nyama nyeupe safi bila hata mstari wa kahawia. Mstari ukibaki, kuoza kunaendelea. Paka unga wa salfa, au mdalasini wa kusaga kama salfa haipo, kisha kausha kivulini penye upepo wiki moja hadi tatu kulingana na ukubwa wa kidonda. Likikauka likawa gumu, panda. Mmea uliopoteza hata nusu ya tumbo unaweza kupona, ila kwenye nyanda za juu katikati ya Julai uwezekano ni mdogo.

Mbegu za mtandaoni zina udanganyifu zaidi kuliko miche. Picha za maua ya buluu ni za kutengenezwa. Waridi la jangwani la buluu halipo. "Nyeusi" ni nyekundu ya giza sana. Jina la aina kwenye pakiti halina maana kubwa, maana mbegu haibebi sura ya mama kwa uhakika. Na upya wa mbegu ndio kila kitu: zilizovunwa karibuni huota ndani ya siku tatu hadi kumi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, na zilizokaa muda mrefu dukani huoza tu. Mbegu nzuri ni kijiti cha kahawia chenye unene wa kati na manyoya ncha zote mbili. Bonyeza, ikiwa bapa na tupu ni pumba. Loweka saa chache kwenye maji ya uvuguvugu, zilaze bapa, funika kwa mchanga wa nusu sentimita. Bora zaidi ni kununua kwa mkulima aliyechavusha mwenyewe, kwani maua haya hayashiki mbegu kwa urahisi bila mkono wa mtu. Maganda yake hutoka mawili mawili kama pembe na hufungwa uzi yasije yakapasuka na kupeperusha kila kitu.

Kwa anayetaka kumpelekea ndugu mmea nje ya nchi, unahitaji cheti cha afya ya mimea kabla ya kusafiri, Kenya kutoka KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea) na Tanzania kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), na nchi unakokwenda inaweza kudai kibali chake pia. Udongo kwa kawaida hauruhusiwi, jambo ambalo kwa mmea huu si tatizo: ukioshwa mizizi, ukakaushwa siku tatu, ukaviringishwa gazeti kavu na kuwekwa kwenye boksi lenye matundu, huvumilia wiki mbili au zaidi. Ukifika, upandwe mkavu, na maji ya kwanza yangoje siku saba.